Ampuli ya traneksamiki kwa mtoto anayevuja damu: maoni ya muuguzi wa chumba cha dharura

Kuna dawa moja ambayo ningeomba kila hospitali ya wilaya iihamishe kutoka ilipo. Mara nyingi haihitaji hata kununuliwa, maana ipo tayari. Imewekwa kwenye kabati la wodi ya wazazi kwa ajili ya akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, kabati limefungwa, na funguo anazo mkuu wa zamu. Huku upande wa pili wa jengo mtoto aliyegongwa na bodaboda amelazwa kitandani, damu inamtoka, na hakuna anayekumbuka kwamba dawa ileile inaweza kumfaa na yeye.

Ni asidi ya traneksamiki ya sindano. Kazini tunaiita TXA. Ni ampuli ndogo ya kioo yenye maji maangavu yasiyo na rangi, miligramu 500 katika mililita 5. Nimeitumia kwa watu wazima na kwa watoto katika hospitali ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu, ambako malori, mabasi na bodaboda hupita lami moja na watoto wa shule. Nitaisema kwa upande wa watoto, kwa sababu kwa watu wazima imeshasemwa sana na kwa watoto bado watu wanaiogopa au wanaisahau.

Tuanze na inachofanya, maana hapo ndipo matumaini ya uongo huanzia. Mtoto akikatika, mwili wake hutengeneza bonge la damu lililofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo fibrini. Wakati huohuo mwili huandaa kimeng'enya cha kuyeyusha bonge hilo, plasmini, ili mshipa usibaki umeziba. Kwa kidonda cha kawaida kazi hizi mbili huenda kwa mizani. Kwa mtoto aliyeumia vibaya mizani inaweza kuvurugika: bonge linajengwa huku, linayeyushwa kule, na damu inaendelea kutoka. TXA hujibandika kwenye plasminojeni, yaani ile inayogeuka kuwa plasmini, na kuizuia isiishike fibrini. Haitengenezi bonge jipya. Inalinda lile ambalo mwili umeshalitengeneza. Kwa hiyo kama mshipa umekatika na hakuna mtu aliyeukandamiza, unaweza kumpa mtoto ampuli zote za famasia na damu itaendelea kumtoka.

Walioigundua ni mke na mume wa Japani, Utako Okamoto na Shosuke Okamoto, na kazi yao ilichapishwa mwaka 1962. Bi Utako alikuwa akitafuta kitu cha kuwaokoa wanawake wanaokufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua, na alikuwa akienda maabara na binti yake mdogo, akimbeba mgongoni. Nimefanya kazi na wauguzi waliokuja zamu na watoto wachanga kwa kukosa wa kumwachia, kwa hiyo habari hiyo niliposoma ilinigusa sana.

Ushahidi mkubwa ulikuja baadaye. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulichukua majeruhi watu wazima zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Waliopewa TXA walikufa asilimia 14.5, wasiopewa asilimia 16. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni watu wengi ukizingatia idadi ya ajali duniani, na ni kwa dawa isiyohitaji mashine wala mtaalamu wa mbali. Mwaka uliofuata watafiti walewale walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha dawa hii: ikitolewa ndani ya lisaa limoja tangu kuumia inasaidia zaidi, hadi masaa matatu bado inasaidia, na ikitolewa baada ya masaa matatu inaonekana kuongeza vifo vya kutoka damu. Muda ukipita, ampuli hiyohiyo inageuka kuwa hatari.

Kwa watoto ushahidi ni mwembamba zaidi. Kuna taarifa ya hospitali ya kijeshi ya Camp Bastion, Afghanistan, iliyochapishwa mwaka 2014. Katika watoto na vijana 766 waliotibiwa kwa majeraha, 66 walipewa TXA, na waliopewa walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa. Hao walikuwa majeruhi wa vita, wengi wa milipuko, na si watoto waliogongwa wakivuka barabara. Marekani ulifanyika utafiti wa majaribio uitwao TIC-TOC, matokeo yake yakatoka mwaka 2022, lakini ulikuwa na watoto 31 tu, lengo likiwa kuona kama utafiti mkubwa unawezekana. Nchini Uingereza, chuo cha madaktari wa watoto kilitoa tamko mwaka 2012: miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, isizidi gramu moja, ndani ya dakika kumi, kisha miligramu 2 kwa kilo kwa kila saa, kwa angalau masaa nane au mpaka damu ikatike. Dozi hiyo ndiyo madaktari wetu wanaiandika.

Wapo wenzangu wanaosema tusubiri utafiti wa watoto ukamilike. Hoja yao naiheshimu, hasa kwa kuwa imeonekana kwamba baadhi ya watoto walioumia vibaya, wa kichwa zaidi, miili yao huzima kabisa kazi ya kuyeyusha bonge badala ya kuizidisha. Mtoto wa namna hiyo huenda asifaidike. Ila mtoto anayetoka damu mbele ya macho yangu, aliyeumia muda mfupi uliopita, na chupa ya damu haijafika kutoka benki ya damu, huyo simcheleweshei.

Nieleze mmoja. Alikuja mchana, amebebwa na bibi yake nyuma ya bodaboda nyingine, mvulana wa chekechea. Paja la kushoto limevunjika na mfupa umetoboa ngozi. Walikuwa wamemfunga khanga mbili, zote zimelowa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mtoto ananifia huyu."

"Tumempokea, bibi. Ameumia saa ngapi?"

"Saa siijui mimi. Walikuwa wanatoka chekechea."

"Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita?"

"Ndiyo ilikuwa inaadhiniwa. Nimesikia adhana, nikasikia na kelele barabarani."

Hapo nimepata saa yangu: saa sita na nusu hivi. Ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Nikakata kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu nene "AMEUMIA 6:30", nikakibandika kifuani pa mtoto, mahali ambapo kila atakayemgusa atakiona. Ukiuliza familia "ni muda gani umepita", wataogopa na kukwambia chochote. Uliza adhana, kengele ya shule, taarifa ya habari redioni, basi gani lilikuwa linapita. Saa utaipata.

Mizani ya watoto ilikuwa wodini na mtoto hakuwa wa kusimamishwa. Umri wake ni miaka minne. Unaongeza nne, unazidisha kwa mbili, unapata kilo 16. Ni makadirio, lakini yanatosha kuanzia kazi. Kilo 16 maana yake damu yote aliyonayo mwilini ni kama lita moja na robo. Nawaomba wenzangu mlifikirie hilo mnapoangalia khanga iliyolowa. Damu ambayo mtu mzima angeipoteza na akaendelea kuongea, kwa huyu ni karibu nusu ya alichonacho. Mapigo yalikuwa zaidi ya 160, mikono ya baridi, na presha bado nzuri. Wengi hudanganyika na presha hiyo. Mtoto huishikilia kwa kubana mishipa mpaka mwisho kabisa, kisha inaanguka kwa mkupuo.

Daktari alikandamiza paja kwa gozi na kiganja, hakutoa mkono. Mimi nikatafuta mshipa. Na hapa ndipo nilipoona ninachotaka msomaji akione: kanula, kile kijibomba cha mshipani, imeingia vizuri, nimeibandika, na pembeni ya kanula damu inachuruzika, nyembamba, haikatiki. Nikafuta, ikarudi. Damu iliyodondoka kwenye mpira wa kitanda nayo ilibaki majimaji, haikuwa na mabonge. Mtoto ambaye damu yake inaganda hafanyi hivyo.

Hesabu ya dawa: kilo 16 mara miligramu 15 ni 240. Ampuli ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 2.4. Nikazichanganya na maji ya chumvi kwenye bomba kubwa, nikazisukuma polepole kwa dakika kumi huku jicho liko kwenye saa. Kilichobaki kwenye ampuli, mililita 2.6, kilitosha karibu kamili dozi ya masaa nane: miligramu 32 kwa saa, jumla 256. Mtoto wa kilo 16 anatibiwa kwa ampuli moja. Kwa nini iwe ngumu kuweka ampuli kumi kwenye toroli la dharura?

Nimesema dakika kumi na nairudia. Ukiisukuma haraka presha inashuka, na kwa mtoto aliyepungukiwa damu huna presha ya kuchezea. Dozi kubwa kupita kiasi huweza kuleta degedege. Dawa hii haisamehe haraka ya mkono, na hilo naliweka kwenye upande wa kasoro, maana chumba cha dharura kina haraka muda wote na mara nyingi muuguzi ni mmoja. Dakika kumi za kusimama na bomba mkononi ni nyingi mtu anapokuwa peke yake.

Kasoro nyingine ni mrija. TXA haichanganywi na damu kwenye mrija mmoja, wala na dawa za jamii ya penisilini. Mtoto mwenye mfupa uliotoboa ngozi anahitaji antibiotiki mapema, na katika vituo vingi inayoshikwa kwanza ni ya jamii hiyohiyo. Kwa hiyo unahitaji kanula mbili kwa mtoto ambaye hata moja umeipata kwa shida. Ikishindikana kabisa kuna sindano ya mfupani, chini kidogo ya goti, mguu ambao haujavunjika. Inatisha kuiangalia lakini inaokoa, na TXA inapita humo vizuri.

Kasoro kubwa kuliko zote ni sura ya ampuli yenyewe. Kioo cheupe, maandishi madogo, inafanana na ampuli nyingine nyingi, ikiwemo ya dawa ya ganzi ya mgongoni. Ikichomwa mgongoni kwa makosa, TXA husababisha degedege kali na mara nyingi kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya makosa hayo mwaka 2022. Watengenezaji wangeweza kubadili rangi ya lebo, wakaweka mkanda mwekundu shingoni mwa ampuli, na gharama yake ingekuwa ndogo. Mpaka wafanye hivyo, ninachoomba ni kwamba TXA isikae kamwe kwenye trei moja na dawa za ganzi, na kwamba isomwe kwa sauti kabla ya kuvunjwa, hata kama aliyekuletea ni mtu unayemwamini. Vilevile angalia ujazo. Zipo za mililita 5 na nimeziona za mililita 10. Kwa mtoto tofauti hiyo ni dozi mara mbili kwa anayevuta ampuli nzima kwa mazoea.

Kwa upande wa sifa, haihitaji friji. Inakaa kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 30, ambalo kwetu ni suala la kuchagua kona yenye kivuli. Umeme ukikatika haiharibiki. Haina kundi la damu, haingoji ndugu waje kuchangia, haiyeyushwi kwa dakika arobaini kama plazma iliyogandishwa, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu. Kwa hospitali ambayo plazma haiipati kabisa, na hizo ni nyingi, hiyo ni sifa kubwa sana.

Ila haibadilishi kitu kingine chochote, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeona watu wakiichoma kisha wakapumua kana kwamba kazi imeisha.

Khanga zilizolowa zilitolewa zote. Damu kuganda ni kazi ya vimeng'enya, na vimeng'enya hulegea mwili ukipoa. Mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Watu wanadhani nchi ya joto haina mtoto wa kupoa. Mpime. Aliyelowa damu, amemwagiwa maji ya kusafisha kidonda, feni inazunguka juu yake, ameingiziwa dripu iliyotoka kwenye sakafu ya stoo: anapoa. Tulimfunika blanketi kavu na kitenge cha bibi, tukazima feni, tukafunika na kichwa.

Dripu tulimpa kidogo. Hili bado lina ubishi vituoni, kwa kuwa wengi tulifundishwa kumimina maji mpaka mapigo yashuke. Maji ya chumvi hayabebi oksijeni na hayana chembe hata moja ya kugandisha. Yanaipunguza nguvu ile damu iliyobaki na kumpoza mtoto. Daktari wetu aliandika mililita 10 kwa kilo na kusema kinachofuata ni damu. Damu ilikuja damu kamili, mililita 320, na ilipofika ilikuwa ya baridi ya friji. Hatukuitumbukiza kwenye maji ya moto, maana seli huvunjika. Tuliacha mrija upite chini ya blanketi.

Na kalsiamu. Damu ya benki hutiwa sitreti ili isigande ndani ya mfuko, na sitreti hiyo ikiingia mwilini huikamata kalsiamu ya mtoto. Bila kalsiamu damu haigandi, hata ukiwa na kila kitu kingine, na moyo nao unadhoofika. Kwa kilo 16 alipata mililita 8 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, polepole sana, kwa kanula isiyopitisha damu, mwenzangu akiwa amemshikia mapigo. Ninaona TXA inakumbukwa siku hizi zaidi kuliko kalsiamu. Kama ningelazimishwa kuchagua neno moja la kuandika ukutani kwenye vyumba vya dharura ningeandika KALSIAMU.

Vipimo havikutusaidia mapema. Kipimo cha PT na INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinahitaji chupa yenye sitreti iliyojazwa hadi mstari kabisa, kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kiwepo na mashine iwe inafanya kazi. Nilichofanya ni kile tunachowafanyia walioumwa na nyoka: mililita mbili za damu kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, unaiacha mezani dakika ishirini bila kuigusa, kisha unaiinamisha mara moja. Lazima iwe kioo, kwa sababu plastiki haiamshi ugandaji vizuri, na isiwe iliyooshwa kwa sabuni. Si kipimo kilichobuniwa kwa ajali na hakigundui kila tatizo. Lakini dakika ishirini zilipofika niliinamisha chupa ile na damu ikatiririka hadi mdomoni. Nilimwonyesha daktari bila kusema neno, naye akapiga simu benki ya damu kuomba mfuko wa pili ukae tayari.

Tulirudia baada ya damu, kalsiamu na joto. Ikaganda, ikabaki chini chupa ilipoinamishwa. Pembeni ya kanula pia palikuwa pamekauka. Alikwenda chumba cha upasuaji akasafishwa kidonda, na baadaye akalazwa wodini mguu ukivutwa kwa uzito, analia kutaka soda. Siwezi kukwambia ni TXA iliyomponya. Mkono wa daktari ulikuwa pajani dakika zote zile, na damu aliitoa mtu ambaye hata hakumjua. Ninachosema ni kwamba dawa ilikuwa mahali pake na iliingia kwa wakati. Katika kituo nilichofanya kazi kabla ya hapa isingeingia, kwa sababu ya lile kabati na funguo.

Kuna jambo moja linaniumiza, na linahusu watoto wanaotufikia kwa rufaa. Wanakuja wameshachomwa sindano ya diklofenaki matakoni kwa ajili ya maumivu. Nia ni njema, mtoto analia. Lakini diklofenaki huzidhoofisha chembe sahani, zile zinazoanza kuziba tundu kabla hata fibrini haijafika, na sindano ya msuli kwa mtoto ambaye damu yake haigandi hutengeneza uvimbe mwingine wa damu. Kisha sisi tunatoa TXA kulinda mabonge ambayo yalizuiwa kutengenezwa. Parasetamoli ipo. Ketamini na mofini zipo kwa wanaoruhusiwa kuzitumia. Kufunga mguu kwa kibao vizuri nako kunapunguza maumivu na kunapunguza damu inayovujia ndani ya paja. Naomba ndugu zangu wa zahanati mlibebe hili, tena mwandike kwenye karatasi ya rufaa mambo mawili kwa herufi kubwa: ameumia saa ngapi, na amepewa nini.

Yupo pia mtoto wa aina nyingine. Huyu hakugongwa na kitu. Ameanguka tu kwenye ngazi, au ameuma ulimi, na damu inatoka tangu jana. Kwa huyo masaa matatu si hoja kuu. Hoja ni hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kushindwa kuganda. Ninamuuliza mama: alipotahiriwa alitoka damu muda gani? Wajomba zake wakoje, kuna aliyevimba magoti tangu utotoni, kuna aliyefariki kwa kung'olewa jino? Naulizia wajomba kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hupitia kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Mtoto mwenye hemofilia anahitaji faktari, yaani protini ya kugandisha damu, anayokosa, ya nane au ya tisa, na kuunganishwa na kliniki inayoihudumia. TXA inamsaidia sana damu ya mdomoni, kwa kuwa mate yenyewe yana vitu vya kuyeyusha bonge, lakini haichukui nafasi ya faktari. Na ukiona mkojo wake una damu usiikimbilie, maana mabonge yanaweza kuziba njia ya mkojo.

Wazazi mtakaosoma hapa: vidonge vya dawa hii vinauzwa famasia, na wengi mnavijua kwa hedhi nyingi. Msimpe mtoto aliyeumia nyumbani mkadhani mmemaliza. Kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi na kiganja, msikifunue kila dakika kuchungulia, mfunikeni awe mkavu, mtazame saa, mje. Mkifika mwambieni anayewapokea saa ya ajali kabla hata ya jina.

Alama yangu ni nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya lebo inayofanana na nyingine, na kwa sababu watoto bado hawajapewa utafiti wao kamili. Kwa bei yake, kwa kutohitaji friji, na kwa kuwa ampuli moja inamtosha mtoto mzima, sijui kitu kingine kwenye toroli letu chenye thamani hiyo ukitoa gozi na damu yenyewe.

Kwa anayetaka kuianzisha kwake: zungumza na mfamasia na mkuu wa wodi ya wazazi pamoja, mbele ya mganga mfawidhi, ili asionekane mtu amenyang'anywa dawa yake. Ombeni ampuli kumi zikae droo ya juu ya toroli la dharura, ndani ya kiboksi chenye plasta nyekundu, mbali na ganzi. Ndani ya kiboksi wekeni karatasi ya hesabu za kilo 5 hadi kilo 40, iliyokwisha kupigwa na kusainiwa na daktari, ili saa nane za usiku asiwepo wa kutafuta kikokotoo. Ampuli za kalsiamu ziwe kiboksi cha pili, ubavuni mwake. Tarehe za kwisha muda zikaguliwe kila mwisho wa mwezi, na zilizokaribia zirudishwe wodi ya wazazi, ambako zitatumika mapema.